Mbele ya Kopo ni Siasa

Mimi kusoma Kiswidi nilifundishwa na makopo ya chakula cha paka. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize kabisa, maana nikishaanza kumsimulia Nesi sitaki mtu anikatize.

Jina lake analo, zuri tu, la kwao Uganda, na la ubatizo juu yake. Lakini hapa Alby, pembeni mwa Stockholm, hakuna aliyelitumia. Wakongo walimwita Nesi, Warundi walimwita Nesi, mke wangu, mimi, padri wake, sote Nesi. Miaka yake yote ya kazi aliimalizia kwenye hospitali kubwa ya Flemingsberg, wadi ya figo, na alipostaafu aliacha gauni tu. Macho ya kinesi aliondoka nayo. Ukimsalimia, kabla hajaitika ameshakutazama vifundo vya miguu kama vimevimba.

Nami nijitambulishe, ingawa Mswahili wa Stockholm asiyenijua labda ameshuka ndege jana. Nimetoka Tanga na darasa la saba na mashati mawili. Hapa nimeosha vyombo, nimeosha treni, nimeosha na wazee. Leo nina duka pale Alby, magari mawili ya mizigo, na dagaa ambao watu wanawafuata kutoka Uppsala. Mchicha wa Februari, theluji imefika magotini, unaupata kwangu. Sikupewa na mtu. Nasema haya si kwa majivuno, ni kwa sababu ni kweli.

Sasa Nesi hakuwa na mtoto. Alikuwa na paka dume, wa kijivu, tumbo jeupe, jina lake Waziri. Ukimuuliza kwa nini Waziri, anakwambia: "Kila mkutano analala, akiamka anauliza chakula." Macho ya Nesi yalipofifia mpaka yakazima, akapata nafasi katika nyumba ya wazee Upplands Väsby, na kule wanyama hawapokelewi. Hapo likabaki swali moja tu, na jengo zima tulilijua. Hakuuliza paka atalala kwa nani. Aliuliza atakula kwa nani.

Nilimtaka paka yule kuliko nilivyolitaka gari langu la kwanza. Na katika watu wote wa Alby, mimi ndiye niliyekuwa nimekaribia kumuua.

Hilo nitalifikia. Kwanza mumwone mwenyewe.

Mwone amesimama kwenye duka kubwa karibu na stesheni ya tunelbana, treni ya chini ya ardhi, mkoba katikati ya miguu, kioo cha kukuzia mkononi, kopo limegeuzwa kisogo. Wazee wa Kiswidi wanampisha kwa adabu, wanadhani ni mkaguzi. Kopo moja dakika tano. Kiswahili chake alikiokota njiani wakati wa kukimbia, nusu Nairobi nusu Dar, na hakuwahi kukipiga pasi. "Mbele ya kopo ni siasa," ananiambia. "Nyuma ndio hospitali. Mbele utaona paka ameoga, ameolewa, anacheka. Mimi nilikimbia siasa na kiatu moja, ssebo. Sasa nirudi nilishe paka yangu hiyo?"

Ssebo kwao ni bwana. Akiniita ssebo, mambo ni mazuri. Akiniita "wewe mtu ya duka," tafuta pa kujificha.

Sheria zake zilikuwa chache. Kitu kilichoandikwa cha kwanza kwenye orodha ndicho kilicho kingi humo ndani; kama cha kwanza ni ngano, basi huo ni mkate, na paka si kuku. Nyama iwe na jina lake. "Kuku, sema kuku. Samaki, sema samaki gani. Mtu anaficha jina, anaficha kitu."

Nikamwambia, "Na wewe mbona unaficha lako?"

"Mimi si nyama."

Chakula kikavu alimpa kidogo tu, kama njugu za mgeni. Kikuu kilikuwa cha kopo, chenye majimaji, na juu yake anaongeza kijiko cha maji ya uvuguvugu. Bakuli la maji hakuliweka karibu na la chakula. Aliliweka upande wa pili wa jiko, eti paka hapendi kunywa mahali anapokula. Mimi nikacheka. Nikaja kumwona Waziri kwa macho yangu anaruka maji niliyomwekea miguuni, anakwenda kunywa kwenye ndoo ya mke wangu ukumbini.

Na akitaka kumbadilishia chakula, habadilishi siku moja. Anachanganya kijiko cha kipya kwenye cha zamani, kesho viwili, keshokutwa vitatu, wiki nzima. "Hata mgonjwa huwezi kumrusha wadi kwa wadi kama gunia," anasema.

Kila mwisho wa mwezi, mizani. Waziri hakubali kusimama kwenye mizani, kwa hiyo Nesi anapanda naye kifuani, anasoma, anashuka, anapanda peke yake, anatoa hesabu. Mimi nilikuwa nashika mlango. Hesabu ya paka naijua mpaka leo. Ya Nesi sikuwahi kuambiwa, na nilipochungulia nilipigwa na taulo.

Sasa mwanamke huyu, msiseme nimemsengenya, mwenyewe alikula kama mtu asiye na mama. Chai vijiko sita vya sukari. Soseji za kibandani, viazi vya pakiti, soda nyekundu. Nyuma ya Biblia yake kulikuwa na biskuti. Siku moja nikamkuta Waziri anakula bata mzinga mwenye jina kamili, safi, na Nesi pembeni anakula chipsi zilizolala.

"Nesi, wewe ni mtu wa figo!"

"Najua."

"Paka anakula vizuri kukushinda."

"Mimi niko na akili ya kuchagua ubaya," akasema. "Paka hana. Anakula kile nimemchagulia. Umeona tofauti?"

Sikuiona siku hiyo.

Jingine: shikamoo hakuitika. Mimi mtoto wa Tanga, mkubwa nampa shikamoo yake hata kama ni Mganda. Mara ya kwanza akanitazama vifundo vya miguu, akasema, "Shikamoo ya nini, mimi ni sultani? Sema umekula." Miaka kumi na tisa nimempa shikamoo, miaka kumi na tisa ananiuliza nimekula. Halafu mtu huyohuyo, Waziri akimsugua mguuni asubuhi, anamwinamia: "Marahaba, marahaba." Paka anaitikiwa, mimi mwenye duka naulizwa habari za tumbo.

Basi. Nifike nilipoahidi.

Ndugu yake alifariki kwao Masaka, Nesi akasafiri wiki tatu. Waziri akamleta kwangu, ghorofa ya nne. Akaleta makopo, mchanga wake, mabakuli mawili, na karatasi imeandikwa pande zote mbili kwa Kiswidi, mwandiko wa kinesi ulioinama. "Kila kitu iko hapo," akasema. "Utasoma?"

"Nesi, mimi naendesha duka zima."

Ni kweli naendesha. Kiswidi nakiongea mpaka Waswidi wenyewe wananyamaza. Lakini kukisoma, tuseme ukweli, nilikuwa nasoma namba, majina ya mitaa, na barua za serikali nazijua kwa rangi ya bahasha. Ya bluu mpelekee mhasibu, nyeupe ngoja. Nikaibandika karatasi ya Nesi kwenye jokofu kwa sumaku, ikapendeza.

Halafu nikamwangalia Waziri, nikayaangalia yale makopo. Nikasema, huyu mtoto wa watu amekuja nyumbani kwa mwenye dagaa bora Skandinavia nzima, nimlishe makopo? Si aibu hiyo? Kwetu paka anakula anachokula mwenyeji, na mgeni akiondoka mwembamba, aliyeaibika ni mwenyeji. Nikampa dagaa wakavu. Nikampa ng'onda, ile yenyewe, iliyoshiba chumvi, kiganja kizima. Maziwa. Ijumaa pilau, na rojo lake la vitunguu. Akala! Ndugu zangu, alikula akanguruma kama friji. Nikampigia simu mke wangu kazini asikie. Nikasema, Nesi akirudi atamkuta Waziri Mkuu.

Wiki ya tatu akaanza kwenda mchangani. Anachuchumaa, anatoka bila kutoa kitu. Anarudi. Anachuchumaa. Kisha akalia, sauti ambayo sijaisikia kwa mnyama, akaja akalala juu ya kiatu changu.

Binti yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka chuo. Akamshika tumbo, akauliza amekula nini. Nikamtajia, kwa fahari bado. Yeye akaenda kwenye jokofu, akasimama mbele ya ile karatasi. Sisi tunamsemesha Kiswahili, yeye hujibu Kiswidi, ndivyo walivyo watoto wa huku. "Men pappa," akasema polepole, "det står ju här." Lakini baba, si imeandikwa hapa. Akanionyesha kwa kidole: samaki wa chumvi hapana, kitunguu hapana, maziwa hapana. Nesi alikuwa amepiga mstari chini yake mara mbili.

Nikatazama ile mistari miwili. Mistari niliiona tangu siku ya kwanza. Nilidhani ni mapambo.

Hospitali ya wanyama walimtia mpira, wakamtoa mkojo uliojaa chembechembe kama mchanga. Daktari, binti mdogo mpole, akasema sababu huwa zaidi ya moja: samaki mkavu siku zote, hakuna chakula cha majimaji, nyumba ngeni. Akaniuliza kama alikula kitunguu. Nikamjibu ndiyo. Akaandika. Akasema, "Mngechelewa siku moja mngempoteza." Siku tatu alikaa huko, na mimi sikuuza kitu kwa moyo siku tatu.

Nesi alikuja dukani moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege wa Arlanda, sanduku mkononi, kitambaa cha msiba kichwani. Binti yangu alikuwa amekwisha kumwambia kwa simu. Waziri alikuwa nyuma ya kaunta kwenye boksi la mihogo, amenyolewa mguu, mzima. Nesi akampapasa kutoka shingo mpaka mkia. Kisha akanitazama.

"Ulisoma karatasi yangu?"

Mbele yangu palikuwa na milango miwili. Nikisema sikusoma, mimi mjinga. Nikisema nilisoma, mimi mkatili. Nikaona heri mkatili.

"Nilisoma, Nesi."

"Ulisoma, halafu ukampa."

"Ndiyo."

Hakupaza sauti. Angepaza ningefurahi. Alimchukua Waziri na lile boksi la mihogo, akaondoka. Siku kumi na nne hakukanyaga dukani, na wakati huo nilimwona mara moja tu, kwenye lifti. Nikampa shikamoo. Hakuniuliza kama nimekula.

Jumamosi ya tatu akaja, jioni mapema, karibu nafunga. Akajifanya anachagua viazi vitamu mpaka mteja wa mwisho alipotoka. Akaweka kopo juu ya kaunta, kisogo juu. Akaweka na kioo chake cha kukuzia.

"Soma."

Nikatazama kopo. Nikasikia masikio yanapata moto, mimi mtu mzima, mwenye magari mawili.

"Nesi, mimi..."

"Mimi Kiswahili najua ya mdomo," akanikata. "Kuandika sijui. Ningejua, ningekuandikia kwa lugha yako na paka haingeumwa. Kwa hivyo kosa ni nusu yangu. Hiyo nusu yako, anza na herufi ya juu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila Jumamosi kopo moja, duka likiwa tupu. Hakuwahi kulitaja neno shule. Nikikwama anangoja, anakula biskuti zangu bila kulipa. Nilijifunza *spannmål*, nafaka, hiyo tukiiona mwanzoni tunalirudisha kopo alikolinunua. Nilijifunza kwamba nikilisoma neno kwa sauti kama ninavyolisikia kwa wateja, linafunguka. Miezi miwili nikaanza kusoma bahasha nyeupe mwenyewe. Mhasibu wangu akadhani nimeajiri mtu.

Nikapata kichwa, kama kawaida yangu. Siku moja nikamletea Nesi makopo sita madogo, karatasi ya dhahabu, samaki mtupu, ghali kuliko nyama ninayokula mimi. Nikampangia mezani kama mahari. "Hii ndiyo hadhi ya Waziri," nikasema.

Hata hakuyashika. "Soma ile neno chini ya jina."

Nikasoma, neno refu kama treni: *kompletteringsfoder*.

"Maana yake ni cha kuongezea," akasema. "Kitoweo. Hii akila peke yake kila siku, atakufa tajiri. Tafuta kopo limeandikwa *helfoder*, ndio chakula kamili. Haijalishi dhahabu. Wewe mtu ya duka, unauza watu vitu, na wewe unauziwa?"

Iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Yale sita Waziri aliyala moja kila Jumapili, baada ya misa.

Macho yake yalipokwisha kabisa, ile barua ya Väsby ilipokuja, mimi ndiye niliyemsomea. Yote, neno kwa neno, hata pale waliposema kuhusu wanyama. Akaweka mkono juu ya Waziri. Watu walijitolea, si kwamba hawakujitolea. Mama mmoja wa kanisani akasema atamchukua, paka hana taabu, anakula makombo. Akafutwa. Mzee mmoja wa Bukoba, mtu msafi kabisa, akasema atamnunulia gunia la chakula kikavu, la mwaka mzima. Akafutwa naye. Mimi sikuomba. Ningeombaje?

Akaniita siku ya kufunga mizigo. Akasema, "Nakupa miezi sita. Matazamio, kama nesi mpya. Nitakuja kumkagua na mikono, maana macho hakuna. Nikipata mbavu zake zimezama kwa mafuta, au zimetoka kama kinanda, namtafutia mtu."

"Nesi, utamtafutia nani mwingine?"

"Hapo ndio ujue sina mchezo."

Miezi sita ile niliishi kama mtu wa kibali cha muda. Mizani kila mwisho wa mwezi, mimi nikiwa na Waziri kifuani, mke wangu akicheka mlangoni. Bakuli la maji upande wa pili wa jiko. Makopo nikisoma mwenyewe, na nikafungua rafu ya paka dukani, makopo niliyoyachagua mimi. Wateja wakiniuliza lipi zuri ninawageuzia kisogo cha kopo na kuwasomea. Hakuna duka la Kiswahili Ulaya lenye rafu ile. Nani atabisha?

Siku yenyewe ikafika, mwezi uliopita. Gari langu Waziri hulitapikia, kwa hiyo tulipanda tunelbana mpaka mjini, tukabadili treni ya kwenda kaskazini, yeye kwenye kizimba mapajani analalamika vituo vyote. Asubuhi nilikuwa namwelekeza msichana anayenisaidia dukani kazi za siku, na kopo la Waziri nikalisahau kwenye kaunta. Nikaliona duka dogo pale stesheni ya Väsby, nikaingia mbiombio, nikachukua kopo la kijani kama letu. Kijani, samaki, vizuri, nikalipa.

Nesi alikuwa ukumbini karibu na dirisha, miwani myeusi, amekonda kidogo. Mlezi mmoja alituruhusu tukae pale, kizimba kikiwa sakafuni na mlango wa ukumbi umefungwa. Nikampa shikamoo.

"Umekula?" akasema.

Nikamtoa Waziri, nikamweka mikononi mwake. Vidole vyake vikaenda shingoni, vikashuka mabegani, vikahesabu mbavu moja moja. Alikuwa na msemo wake: mbavu zisikike, zisionekane. Akapapasa kiuno. Akainua mdomo wa paka, akagusa fizi. Akanusa masikio. Waziri akaanza kunguruma, akasahau kwamba ni mtihani.

"Mbavu iko," akasema. "Maji anakunywa?"

"Anakunywa, mama."

"Leo anakula nini?"

Nikatoa lile kopo mfukoni. Akalishika, akaligeuza kisogo kwa mazoea, akanirudishia.

"Soma."

Nikasoma kwa sauti, bila kioo, kama mtu wa redio. *Helfoder*. Samaki, na jina la samaki lipo. Nikaendelea, mchuzi, mafuta, madini. Halafu nikaliona neno. Dogo, la mwisho kabisa kabla ya nukta. *Socker*. Sukari.

Nilikuwa nimenunua mbele ya kopo. Miezi sita ya kusoma, na siku ya siku nikanunua rangi.

Nesi alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza. Hakuna macho pale. Ningemeza neno moja, nani angejua? Waziri? Mbavu zake zilishapita, mizani ilishapita. Nikatazama vidole vyake vimetulia juu ya mgongo wa paka, nikakumbuka nimesimama nyuma ya kaunta nikisema nilisoma.

"Na sukari," nikasema. "Mwishoni wameandika sukari, Nesi. Nililichukua haraka pale stesheni, sikulisoma."

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha kukohoa.

"Ssebo," akasema. "Hilo kopo kula wewe mwenyewe. Paka ni yako."

Akambusu Waziri kichwani, akamsukuma kwangu, akaniambia niondoke kabla mwenyewe hajabadilisha mawazo, na nikija tena nimletee biskuti, zile za chokoleti, asisikie habari za figo.

Pale stesheni nikarudi kwenye lile duka dogo, Waziri mkononi ndani ya kizimba anapiga kelele za njaa. Nikashusha kopo moja, nikaligeuza. La pili. Nyuma yangu foleni ikajipanga, bibi mmoja wa Kiswidi na mkokoteni wake, kijana mwenye kahawa, watu wanaowahi treni. Bibi akaniuliza kwa upole kama nahitaji msaada.

"Hapana, asante," nikamwambia, kwa sauti watu wote waisikie. "Nasoma."